Sauti Niliyoifuta Kuipisha Bendi

Nina miaka arubaini na tatu. Nimezaliwa Mombasa, nimelelewa kwa kaswida na taarabu, na nikiwa hapa Riyadh, mtu mzima mwenye binti wa sekondari, niliingia wazimu wa bendi ya Wazungu wanne waliojipaka wanja. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke sasa. Huko mbele kicheko kitakuwa kigumu kidogo, angalau kwangu mimi.

Bendi yenyewe ilivuma nikiwa mtoto wa kunyonya. Muziki wao waliuita wimbi jipya, na maji ya wimbi hilo yalishakupwa kabla mimi sijajua kuwa yaliwahi kujaa. Nyumbani kwetu hakuna aliyeusikia. Redio ya baba ilikuwa ya habari na vifo, na kanda za mama zilikuwa za harusi.

Mimi ni muuguzi katika kitengo cha kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Mgonjwa hukaa kwenye kiti kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki, na mkono wenye sindano hautakiwi kutikisika. Kulikuwa na mzee mmoja Msaudi, kiti chake ni cha dirishani, ambaye mashine yake ilikuwa ikipiga kelele kila mara. Nikienda namkuta vidude vimo masikioni, macho kayafumba, na mkono wa sindano unatingishika taratibu kama wa mtu anayebembeleza mtoto. Nilimgombeza wiki nzima.  Siku ya mwisho wa wiki hiyo alichukua kipamba cha spiriti kwenye sinia yangu, akakisugua kidude kimoja cha sikio kwa makini kama vile yeye ndiye muuguzi, akaninyooshea.

"Sikiliza kwanza," akaniambia. "Kisha nigombeze."

Aliwahi kusoma ng'ambo ujanani, na muziki ule aliuacha huko pamoja na sharubu zake, hivyo ndivyo alivyoniambia. Sasa figo zimekufa, mke amekufa, akaamua kuuchukua tena. Nilikiweka sikioni kwa adabu tu. Nilisikia ngoma ya mashine, kavu, haina mkono wa mtu. Kisha likaingia gitaa la besi, na badala ya kukaa chini likitii kama mabesi mengine yanavyotii, lilipanda juu likabeba wimbo lenyewe. Mwimbaji alikuja mwisho, kwa sauti ya mtu aliyeitwa mbele ya darasa bila kujiandaa. Nilisimama pale mpaka mwenzangu akaniuliza kama mgonjwa ana shida.

Sikumgombeza tena yule mzee. Nilimfunga mkono kwa kitambaa laini, nikamwachia muziki wake.

Baada ya hapo nilipotea. Nilitafuta nyimbo zao zote, kisha matamasha, kisha mahojiano ya zamani wakiwa na nywele zimesimama wima. Nilijua ni mwaka gani mpiga kinanda aliuza gari akanunua kinanda kingine. Nilijua kuwa mpiga besi na mwimbaji walinuniana miaka miwili, wakawa wanazungumza kwa kumtuma mpiga ngoma, jambo ambalo halikunishangaza kwa sababu mama na shangazi yangu waliishi hivyo hivyo nikiwa mdogo, na mpiga ngoma nilikuwa mimi. Nilipoweka picha zao kwenye simu ili watu wote wazione, kaka yangu aliniandikia kutoka Mombasa: "Hawa ni wagonjwa wa wodi yenu?"

Nilicheka. Lakini sikumjibu kaka yangu kwa wiki nzima, na sikuwajibu wengine pia. Mtu akinitumia ujumbe wa sauti, nilimrudishia picha ya waridi iliyoandikwa Ijumaa njema, hata kama siku yenyewe ni Jumanne. Sauti ya mtu ilikuwa inanikatiza wimbo. Mpaka leo najiuliza ni lini hasa nilianza kuwaona watu kuwa kelele.

Sasa nimtaje aliyenifanya niandike haya. Alikuwa dada mmoja wa Kenya, wa kutoka Mumias, umri wake thelathini na kitu, Muislamu, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Aliletwa Riyadh kufanya kazi za ndani. Alikaa kwa madam wake mwaka na nusu, akatoka siku moja na mfuko wa taka na hakurudi. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, akamwandikisha kuwa ametoroka. Mtu akishaandikwa hivyo ikama yake, kile kibali cha ukaazi, inakufa, na bila ikama huwezi kufanya kazi kihalali wala huwezi kuondoka nchini, kwa hiyo unabaki katikati. Alikuwa akiishi mtaa wa Manfuha, kwenye nyumba kuukuu, chumba kimoja wanawake saba, na kila Ijumaa alikuja kufanya usafi kwenye nyumba yetu ya wauguzi. Kwao alikuwa na mama aliyekuwa akidhoofika. Alichokitaka ni kimoja tu, karatasi ya kuondoka, ili amkute mama yake yu hai. Alikwenda ubalozini, alikwenda ofisi za kazi, alirudi mikono mitupu mara nyingi kiasi kwamba akaacha kutuhadithia.

Aliposikia ninakwenda Makka kufanya umra alizima mashine ya kuvuta vumbi akaketi sakafuni.

Kwetu sisi hili ni jambo la kawaida. Mtu akienda Makka hubebeshwa dua za watu. Wengine hukuandikia karatasi, wengine hukutajia majina tu, nawe ukifika unayasoma mbele ya Kaaba. Mimi nilikuwa na karatasi ya nyumbani yenye majina ya ukoo mzima, hata ya shemeji ambaye hatusalimiani. Nikamwambia na yeye aandike.

"Sitaki kuandika, sista," akasema. "Na sitaki uniombee wewe. Wewe hujui nitasema aje."

"Basi tufanyeje?"

"Nitakutumia sauti. Ukifika pale, unainua simu juu, unafungulia, inasema yenyewe. Mimi siwezi enda, unajua. Ikama mafi, sina. Wakisimamisha basi hapo njiani, halas, nimeisha. Lakini sauti haiulizwi ikama."

Nikamwambia, kwa ile sauti ya Kimombasa ya kujifanya tunajua dini kuliko watu wa bara, kwamba Mungu anamsikia hata akiwa Manfuha. Hakukasirika. Alisema anajua, lakini kutoka Manfuha amemwita miaka mitatu, na mtu akiita sana kwa mbali huwa anasogea karibu.  Nikamwahidi.

Ujumbe ulikuja Jumanne. Dakika saba. Aliurekodi chooni, kwa sababu chumbani hakuna pa kulilia peke yako. Niliufungua nikiwa nakunja nguo. Alianza kwa kumsalimia Mungu, kisha akajitambulisha, jina lake, jina la baba yake, kijiji, akaeleza nyumba yao iko upande gani wa kinu cha kusagia mahindi, kama vile anaogopa baraka itafika kwa mtu mwingine. Hapo nilitabasamu. Akaanza kumtaja mama yake. Ilikuwa imefika dakika moja na nusu, na ndani ya kichwa changu tayari lile besi lilikuwa linanisubiri, maana nilikuwa nimeacha wimbo katikati. Nikasema nitaumalizia nikipata nafasi. Nikausimamisha, nikarudi kwa wanangu wa wanja.

Sikupata nafasi. Yaani nilikuwa nayo, siku mbili kamili, lakini niliigawa kwingine.

Alhamisi asubuhi nilikuwa uwanja wa ndege wa Riyadh nikisubiri ndege ya Jeddah. Pale mtandao ni wa bure, nami nilikuwa nimelipata tamasha lao moja zima, la saa mbili, ambalo nilikuwa nikilitafuta mwezi mzima. Nikabonyeza nilipakue. Simu ikakataa, imejaa. Nikafungua orodha ya vinavyoijaza. Picha za binti yangu sikuzigusa. Nyimbo sikuzigusa. Chini yake kulikuwa na sauti, mia tatu na zaidi, salamu za asubuhi, mawaidha ya kundi la ukoo, shangazi akilalamikia maji. Nikachagua zote, nikafuta.

Sitasema nilisahau. Kusahau ni neno la heshima mno kwa nilichokifanya. Ilinipitia akilini, wazi kabisa, kuwa humo ndani mna dakika saba za yule dada. Nikajiambia, si atanitumia upya, kwani kuna nini. Na kidole kikabonyeza. Tamasha likaanza kushuka na mimi nikafurahi, nilifurahi kweli, nikaenda kununua kahawa.

Ndani ya ndege nilivaa vidude vyangu kabla ya mkanda. Ndege ya Jeddah hupita juu ya mahali ambapo anayekwenda umra anatakiwa kutia nia, na rubani hutangaza. Sikusikia chochote. Mama mmoja wa Kisudani aliyekaa kando yangu, mkononi ana tasbihi, alinigusa bega akanionyesha kwa kidole chini, yaani hapa ndipo. Nikavitoa haraka nikatia nia huku nimeona haya, na yeye akanitazama kwa huruma ya mtu aliyedhani nilikuwa nasikiliza Kurani. Sikumsahihisha.

Makka nilifika kabla ya alasiri. Nilizunguka Kaaba mizunguko saba, au sita, au minane, kwa sababu hesabu ilinipotea. Midomo ilikuwa inasoma dua na miguu ilikuwa inakwenda na besi. Sikuwa nimeweka kitu masikioni, naapa, lakini haikuhitajika tena, muziki ulikuwa umeshahamia ndani. Nikaongeza mzunguko mmoja wa tahadhari. Kisha nikasali, nikasoma karatasi ya ukoo, jina kwa jina, na shemeji naye nikamsoma. Ikabaki simu.

Nilitafuta mahali pa kusimama nikiielekea Kaaba. Kando yangu watu walikuwa wameinua simu zao, mmoja anamwonyesha mama yake, mwingine analia na mtu aliye mbali sana. Nikafungua mazungumzo yetu. Ujumbe wa sauti ulikuwepo, ule mstari wake, dakika saba. Nikabonyeza. Simu ikaniambia haupo tena, nimwombe aliyeutuma autume upya.

Kwa hiyo dawa ilikuwa hapo hapo, maneno mawili. Nitumie tena. Yule dada alikuwa amekaa na simu mkononi tangu asubuhi, alishaniambia, siku hiyo alikataa kazi. Nikaandika: Nitumie. Nikafikiria atauliza kwa nini. Ningemwambia simu ilijaa. Atauliza ilijaa nini. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Na hapo yeye akaandika kwanza.

"Umefika sista?"

"Nimefika."

"Umeifungulia?"

Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba ambayo nimeielekea mara tano kwa siku tangu nikiwa na miaka saba. Nikaandika: "Nimeifungulia."

"Yote?"

"Yote."

Akanitumia mikono miwili iliyoinuliwa, kisha moyo. Mimi nikainua mikono yangu nikamwombea kwa kubahatisha, nikasema Mola wangu, mpe alichokisema, wewe unakijua, mimi sikukisikia. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi hata hilo kanda jepesi nililitupa njiani.

Nilimaliza kusai Safa na Marwa, nikapunguza nywele, na jioni ile nikashuka Jeddah, kwa binamu yangu anayeshona nguo mtaa wa Ghulail, chumba kimoja juu ya duka la mchele, ngazi nyembamba inayonuka ubani na samaki wa kukaanga. Alinipokea kama haji mkuu. Alinishika mikono akaipitisha usoni kwake ili baraka imguse. Nilitamani kumwambia akanawe. Alikuwa amepika wali wa nazi na mchuzi wa papa, akaniuliza mara tatu mbona sili, nikasema ni uchovu wa kuzunguka.

Kesho yake baada ya sala ya Ijumaa nilimwambia ninakwenda kununua zawadi. Nilikwenda Sharafiya, kwenye yale maduka ya simu yaliyobanana na ofisi za kutuma pesa, nikazunguka duka baada ya duka nikiuliza kama sauti iliyofutwa inaweza kurudi. Wawili walinicheka. Wa tatu, kijana wa Kiyemeni aliyevaa kioo jichoni kama sonara, alinichukulia kwa uzito. Aliiunganisha simu yangu na kompyuta yake, akasubiri, akatazama, akatikisa kichwa.

"Mafi," akasema. "Umeweka kitu kikubwa juu yake."

Nilikijua hicho kitu kikubwa. Kilikuwa tamasha la saa mbili, na mpiga kinanda alikosea noti kwenye wimbo wa nne.

Na nikiwa naandika ukweli niuandike wote. Katika duka lile lile, kabla sijatoka, nilinunua vidude vipya vya masikio, vizuri zaidi, kwa sababu vilikuwa na punguzo. Nilivijaribu njiani nikirudi Ghulail. Nilidhani muziki ule ungenichachia mdomoni, kwamba hiyo ndiyo ingekuwa adhabu yangu, na mtu ukiadhibiwa unapumua. Haukuchacha. Ulikuwa mtamu kuliko jana. Nilitembea nikiulilia na kuufurahia kwa pamoja, na hilo linanitia aibu kuliko hata uwongo wenyewe.

Nikarudi Riyadh. Ijumaa iliyofuata yule dada alikuja kufanya usafi, akasugua nyumba nzima, mpaka nyuma ya jiko, na nilipomlipa alirudisha mkono wangu.

"Yaani nikuchukulie pesa? Wewe umenifikishia sauti yangu pale. Mimi nilikuwa nimekaa kwa ngazi, nikahesabu dakika saba, nikasema sasa inaisha, sasa inaisha. Nikasikia mwili mwepesi."

Nilimlazimisha. Alichukua nusu. Tangu siku hiyo aliniletea vitu, mara ndizi, mara chapati alizopika Manfuha zikiwa zimefungwa kwenye taulo. Nikazila, kwa sababu kuzikataa kungehitaji maelezo. Akawasimulia wenzake wa chumbani, nao wakaanza kunitumia sauti zao za safari ijayo. Zilifika kumi na moja. Niliwajibu wote kwa waridi la Ijumaa njema, na hakuna hata moja niliyothubutu kuifungua. Yule mzee wa kiti cha dirishani aliniona nimepooza akaniuliza kama nimewachoka vijana wake. Nikamwambia bado. Akasema yeye naye aliwahi kuwachoka miaka thelathini, watarudi, hawana haraka.

Wiki ya tisa baada ya umra, yule dada alipata karatasi.

Sijui ilivyotokea na yeye mwenyewe hakujua. Aliitwa ofisini, akaulizwa maswali aliyokwishaulizwa mara kumi, akachukuliwa alama za vidole, akaambiwa ndani ya siku kumi awe ameondoka. Mama yake alikuwa bado yu hai. Alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilipokea simu ya mtu kabla haijakata.

"Imekubaliwa, sista," akasema. "Ile sauti imekubaliwa." Alirudia mara mbili, taratibu.

Nilifurahi kwa ajili yake, na wakati huo huo nilihisi kama mtu anayepewa mkono wa pongezi kwa harusi ya mwingine. Ningeweza kunyamaza. Alikuwa anaondoka, aende na furaha yake, nani angejua. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na hapa mwosha nilikuwa mimi peke yangu. Nilikaa na wazo hilo siku tatu, na nakiri lilinipendeza.

Siku moja kabla ya safari yake nilikwenda Manfuha kumuaga, baada ya alasiri. Aliniomba nimletee selotepu pana ya kufungia sanduku. Chumbani magodoro yalikuwa yameegemezwa ukutani na wenzake walikuwa wakigombea kumsaidia kupanga, kwa hiyo tukatoka tukaketi kwenye ngazi. Alikuwa amejipaka hina. Alinishika goti.

"Nina ombi moja la mwisho. Simu yangu unajua ilianguka kwa ndoo ya maji nikipiga deki, ikafa na kila kitu. Hii ni ya kuazima. Ile sauti yangu, wewe si uko nayo? Nitumie. Mama haoni vizuri sasa, lakini anasikia. Nataka nikifika nimwekee asikie vile nilimwombea."

Hapo ndipo njia ya mwongo ilipoishia, na kweli ni fupi kama walivyosema. Nilitazama ngazi. Kulikuwa na kandambili moja ya bluu hapo, ya kushoto. Nikamwambia.

Nilimwambia yote kwa mpangilio, kama ninavyotoa ripoti ya zamu. Kwamba niliisikiliza dakika moja na nusu. Kwamba niliifuta uwanja wa ndege nikijua imo. Kwamba nilipofika mbele ya Kaaba haikuwepo, na kwamba ningeweza kuiomba tena na sikuiomba kwa sababu niliona haya, halafu nikamwandikia kuwa nimeifungulia yote. Sikulia. Kulia kungekuwa kumwomba anibembeleze, na hilo pekee nilijizuia kulifanya.

 Alitoa mkono wake gotini kwangu, si kwa haraka, aliutoa tu akauweka kwenye goti lake mwenyewe. Chini mtaani muuza gesi alikuwa akigonga mtungi wake.

"Uliifuta uweke nini?" akauliza.

"Muziki."

"Wa harusi?"

"Wa bendi fulani. Wazungu. Wa zamani."

"Ni wazuri?"

Nilitafuta jibu ambalo halingemwongezea jeraha na sikulipata. "Ni wazuri," nikasema.

"Hebu nisikie."

Nilidhani ananidhihaki. Nilimtazama, hakuwa ananidhihaki. Nikatoa vile vidude vya Sharafiya mfukoni. Kipamba cha spiriti ninacho siku zote kwenye mkoba, nikasugua kidude kimoja nikampa. Aliniuliza, "Na cha pili?" Nikampa na cha pili. Nikatafuta ule wimbo wa kwanza kabisa, ule wa yule mzee, nikaufungulia.

Ni wimbo mrefu, dakika sita na zaidi. Sikuwa nasikia kitu. Nilikuwa najua tu kwa saa ya simu ulipofika, hapa ngoma ya mashine, hapa besi linapanda. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatazama ukuta wa mbele yake kama mtu aliye kwenye benchi la ofisi. Hakutikisa kichwa wala mguu. Ilipofika dakika ya pili sikuweza kuvumilia, nikanyoosha mkono nimwambie yatosha, si lazima. Aliuinua wake akanizuia bila kunitazama.

Mwenzake mmoja alichungulia kutoka chumbani akamwita kwa jina. Hakujibu. Mlango ukafungwa. Dakika ya nne. Ya tano. Kuna mahali karibu na mwisho ambapo kila kitu hunyamaza na kinanda hubaki peke yake, na watu wengi huwa wanadhani umekwisha. Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani umekwisha. Yeye hakuvitoa. Alisubiri mpaka ukarudi, ukamalizika kwa kweli, akasubiri na kile kimya kidogo cha baadaye. Kisha akavitoa kimoja kimoja, akavifuta kwa ncha ya mtandio wake, akavirudisha kwenye kiganja changu.

"Haya," akasema. "Mimi nimesikia yote."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningejua pa kushika. Sikumuuliza zile dakika tano na nusu nyingine zilisema nini, wala yeye hakuniambia. Alisimama, akakung'uta dera lake, akaniuliza kama nilikumbuka selotepu. Nilikuwa nimeikumbuka. Tukaingia ndani, nikalishika sanduku kwa mikono miwili, naye akalizungushia selotepu mpaka ikaisha.